Siku Ukuta Ulipogeuka Manjano

Ilunga, papa wangu,

Tangu siku nilipokupakata mara ya kwanza ninakuita papa, kwa sababu unabeba jina la baba yangu, na nilizoea kuona kwamba nikikuita mtoto ninamshusha cheo yule mzee. Leo niruhusu nikuite mwanangu. Nina jambo la kukuambia ambalo mtu hawezi kumwambia baba yake.

Umekwenda Katuba kumuaga shangazi yako, tantine Julienne, nami ninamjua: hatakuachilia kabla hujamaliza sahani mbili za bukari. Kwa hiyo nina nafasi. Jua bado liko juu ya ukuta wa jirani, nyumba imenyamaza, sanduku lako liko wazi karibu na miguu yangu. Nikisema, ninasema kama watu wote wa Lubumbashi, Kiswahili na Kifaransa ndani ya chungu kimoja. Lakini nikishika kalamu, Kiswahili changu kinavaa viatu. Masista walitufundisha hivyo. Usicheke.

Chandarua, sabuni, dawa ya maji, nani wa kumsalimia kwanza ukifika Kilwa, kule kando ya ziwa: hayo yote tantine yako anakuambia sasa hivi, na atayarudia tena mlangoni. Mimi nataka kuzungumza juu ya projekta niliyokufungia ndani ya shuka, katikati ya nguo zako, ili barabara isiivunje.

Utakwenda kuwafundisha wamama wa kando ya ziwa namna kipindupindu kinavyoingia nyumbani, na utawaonyesha picha. Siku moja picha itakataa. Sikutabirii mabaya; zinakataa kwa watu wote. Wamama wamekaa chini na watoto mgongoni, jenereta inanguruma nje, ukuta uko mtupu, na wewe umesimama mbele yao na waya mkononi. Namna ya kuunganisha unaijua kuliko mimi. Ambacho sijawahi kukuambia ni kile kinachotokea ndani ya mtu katika dakika ile, na namna mimi kilivyonishinda.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Mashine aliyokuwa akiipeleka kwenye harusi na kwenye ukumbi wa parokia ilibaki juu ya kabati, na mimi nilikuwa mshonaji wa nguo, sijui hata inawashwa wapi. Baba zako wadogo walikuja kuzungumza nami baada ya matanga. Walikuwa wapole, sitawasingizia.

“Shemeji, mwanamuke na projecteur? Itakufia mu mikono. Leka tuiuzishe mapema.”

“Haiende fasi,” nikawajibu. “Itabakia hapa.”

Nilijibu hivyo kwa uchungu tu, si kwa ujuzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa komunyo ya watoto wa parokia. Nikawasha, picha ikatoka, na watoto wote na mavazi yao meupe wakaonekana ukutani miguu juu, vichwa chini. Ukumbi mzima ukacheka mpaka padri akafuta machozi. Sikujua kwamba baba yako, mara ya mwisho, alikuwa ameitundika mashine kwenye dari na kuigeuza picha ndani ya menyu. Basi mimi nikaichukua projekta yenyewe, nikaipindua tumbo juu, nikaiweka juu ya vitabu vinne vya nyimbo. Picha ikasimama sawasawa. Watu wakapiga makofi. Nilifanya hivyo kwa miezi mitatu, popote nilipokwenda, kabla ya kugundua kwamba kuna mahali pa kubonyeza.

Ninakuambia hili ili ujue kwamba nilianza nikiwa mtu anayeweza kuchekwa. Baadaye niliharibika.

Nilijifunza, mwanangu. Nilijua picha ikipinda kama mlango mbovu, ni mashine haikukaa mbele ya ukuta sawasawa. Nilijua ikiandika kwamba hakuna ishara, pengine inasikiliza tundu jingine, si lile ulilochomekea waya. Watu wakaanza kusema: mtafuteni Mama Ilunga, yule wa projecteur. Wanaume wenye mashine mpya kuliko yangu wakaja kuniuliza. Na kadiri walivyokuja, ndivyo nilivyoanza kuogopa siku watakayonikuta sijui. Mwanamume akishindwa na mashine, watu husema mashine ni mbovu. Mimi nikishindwa, watasema tulijua. Niliishi na maneno hayo kila nilipochomeka waya, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameyasema. Nilijiambia mwenyewe.

Ndipo watu wa Kambove wakaniita.

Ulikuwa na miaka kama kumi. Ilikuwa mtaa ulio karibu na mgodi, watu waliokuwa pale tangu babu zao, wenye mashamba yao na visima vyao. Maji ya visima yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa mekundu kama matope ya mvua; yalikuwa na rangi ya kibuluu na kijani, kama mavazi ya sanamu ya Bikira kanisani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa amepiga picha kwa mwaka mzima, kisima kwa kisima, mwezi kwa mwezi. Mwalimu huyo ndiye tantine Ngoie unayemjua, anayetuletea viazi vitamu kila mwaka. Ulidhani ni ndugu yangu. Siku ile nilikuwa ninamwona kwa mara ya kwanza, na nilimwita madame.

Wakubwa watano wa serikali walikuwa wametoka mkoani kuja kusikiliza, pamoja na bwana mmoja wa kampuni ya mgodi. Walitoa asubuhi moja tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, visima vyote vilikuwa vimejaa matope, kwa hiyo kwenda kuvitazama siku hiyo kusingeonyesha kitu. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta ya Ngoie. Watu walijaa darasani, wengine wakasimama madirishani. Waliziba mwanga kwa vitenge vyao.

Nikachomeka waya kutoka kompyuta hadi projekta. Ukuta ukabaki na mwanga mtupu na maneno yale: hakuna ishara.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mahali penyewe. Kichwani mwangu nilijua la kufanya: gusa kitu kimoja, ngoja, tazama, kisha gusa kingine. Lakini mikono haikunisikiliza. Nilibadilisha tundu na wakati huohuo nikazima mashine. Nikachomoa waya nikauchomeka tena kabla mashine haijawaka. Nikabonyeza menyu bila kusoma. Bwana wa kampuni akatazama saa yake. Jasho likanitoka mgongoni, na kadiri lilivyotoka ndivyo nilivyoharakisha.

Ngoie akainuka, akanikaribia, akasema polepole ili watu wasisikie:

“Mama, labda ni ordinateur njo haitume picha inje. Kule nilisomea tulikuwa tunafinya touche mbili pamoja. Nijaribu?”

Alisema kweli: kompyuta ndiyo iliyokuwa haitoi picha. Alikuwa amelijua tatizo kabla yangu. Nami nikamjibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia:

“Madame, kila muntu na kazi yake. Miye siingiake mu classe yako kufundisha batoto.”

Watu wakacheka. Ngoie akarudi kukaa, akaweka mikono juu ya magoti yake. Ninaiona mpaka leo ile mikono.

Nikauchomoa waya tena na kuurudisha kwa nguvu, na uliporudi nilisikia kwamba haukuingia vizuri. Kichwa cha waya kina njia moja tu ya kuingia, na mimi nilikuwa nimekisukuma kikiwa kimelala upande. Nilisikia kwa vidole, kama unavyosikia sindano ikigonga mfupa wa kifungo. Nikasukuma tu. Kisha nikazima kompyuta nikaiwasha upya, na safari hii picha ikatoka. Watu wakasema aaah.

Lakini ukuta ulikuwa manjano.

Kila kitu kilikuwa manjano: mawingu, mashati ya watoto, karatasi. Na maji ya visima, yale ya kibuluu na kijani ambayo watu wote walikuwa wamekuja kuyaonyesha, yalionekana kama matope ya barabarani.

“Madame,” bwana wa kampuni akasema, “miye naona mayi ya mvua.”

“Hapana, si vile iko,” Ngoie akasema. “Iko bleu. Rangi haitoke muzuri.”

“Kama rangi haitoke muzuri, tutajua je ya kweli ni gani?”

Ngoie akafanya jambo la akili. Akaichukua kompyuta mikononi, wakati picha bado ziko kwenye kioo chake, akaanza kutembea kuelekea meza ya wakubwa ili watazame pale pale. Kwenye kioo, mwanangu, rangi zilikuwa sawa kabisa. Niliziona nilipokuwa karibu. Mkubwa mmoja aliyekuwa mzee kuliko wengine akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi, akaniuliza kwa adabu:

“Mama, ugonjwa iko wapi? Ku mashini yako, ao ku ordinateur?”

Nikasema: “Ku ordinateur.”

Maneno mawili tu. Akainua mkono kumwambia Ngoie asijisumbue, kwa sababu hakuna anayesoma ushahidi ndani ya mashine yenye ugonjwa. Wakaandika kidogo, wakaaga, wakaondoka kabla ya saa ya chakula. Vitenge vikatolewa madirishani. Mzee mmoja, Papa Kisimba, aliyekuwa msemaji wa mtaa, akanisaidia kubeba spika mpaka kwenye gari, akanishukuru kwa safari ndefu niliyofanya. Akaniambia nisihuzunike, kosa si langu.

Nyumbani, kesho yake, nilikitazama kichwa cha waya kwenye mwanga wa mlango. Ndani kuna safu tatu za vijino vyembamba kama pini. Kimoja kilikuwa kimelala kabisa. Nilikiinua kwa sindano yangu ya kushonea, taratibu, nikaunganisha, na ukuta wetu ukawa mweupe. Kijino kimoja kinapitisha buluu; kikilala, kila cheupe kinageuka manjano. Ndiyo ilikuwa siri yote. Nilikuwa nimekilaza mimi, kwa haraka yangu na kiburi changu.

Nikanyamaza. Nilijiambia: Kambove ni mbali. Nilijiambia: nina mtoto wa kulisha, nikipoteza jina nitapoteza kazi. Unaona namna nilivyokutumia wewe kama kifuniko? Nisamehe hilo pia. Wiki zikapita, mvua zikakatika, vumbi likaanza.

Ngoie alikuwa amenipa kiflashi chenye nakala ya picha zake, ili ziwe mahali pawili. Nilikisahau ndani ya mfuko wa spika. Asubuhi moja nilipokuwa nikijaribu taa mpya ya mashine, nikakichomeka ili nipate picha yoyote tu. Zikaanza kupita ukutani hapa, mahali ambapo sasa pana kalenda. Kisima. Kisima. Ndoo. Kisha mama mmoja, anaosha mtoto mchanga ndani ya beseni, na maji yale ya kibuluu yanamfika mtoto shingoni. Mama anacheka, mtoto amefumba macho. Rangi zilikuwa sahihi. Mashine yangu ilikuwa nzima. Nilikaa chini nikaitazama mpaka feni ya projekta ikaanza kunguruma kwa joto.

Unakumbuka nilikuacha kwa tantine Julienne siku mbili bila kukueleza, nawe ukakasirika kwa sababu ulikuwa na mechi ya mpira? Nilikwenda Kambove.

Nilimkuta Ngoie darasani, saa ya mapumziko, anafuta ubao. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu Likasi nilikuwa ninayarudia, na yote yakanikimbia.

“Madame, haikuwa ordinateur yako,” nikasema. “Ilikuwa câble yangu. Miye mwenyewe njo niliiharibisha, na nilisema bongo, nilibadanganya bakubwa.”

Hakugeuka mara moja. Alimaliza kufuta ubao.

“Ulijua siku ile?”

“Nilijua ku mikono. Ku kichwa nilikataa kujua.”

“Mama,” akasema, “toka siku ile sijaifungua. Niliitia mu malle ya nguo chini ya kitanda. Bantu banasema mwalimu alileta mashini mugonjwa, akatuuwa. Hata batoto banaimba.”

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na ninamheshimu kwa hilo.

“Unaniomba musamaha hapa, tuko babili tu na mulango ya kufunga?” akaniuliza. “Ulinichafua mbele ya bantu. Kanisafishe mbele ya bantu.”

Nilitaka kukataa. Ninakuandikia hili wazi: moyo wangu wa kwanza ulikuwa kukataa na kurudi barabarani kutafuta gari. Lakini nilikuwa nimekuja na projekta, na nadhani mtu akibeba mzigo mzito kiasi kile, ndani yake anajua tayari atautua wapi.

Alasiri Papa Kisimba akawaita watu. Darasa lilelile, vitenge vilevile madirishani. Nikasimama nikawaeleza. Nikautoa ule waya nikaupitisha mkono kwa mkono ili kila mtu avitazame vijino. Nikakionyesha kile nilichokilaza. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi akausogeza karibu na jicho lake.

“Kumbe kameno kamoja kadogo hivi?” akasema.

“Njo hako,” nikajibu.

“Na juu yake bakubwa banatuandikia kama mayi yetu iko muzuri.”

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akatoka nje, hakurudi. Baadaye nilijua ndiye yule wa beseni. Mtoto wake alikuwa hai, lakini ngozi yake ilikuwa imejaa vidonda, na walikuwa wamempeleka kwa bibi yake Likasi. Sikuthubutu kumfuata. Sijui hata leo kama alinisamehe, na sijawahi kumwomba Ngoie amuulize. Vitu vingine mtu anaondoka navyo.

Ngoie akaileta kompyuta yake, akaifuta vumbi kwa kitenge. Tukaziangalia picha zote. Zilipokwisha, akasema mbele ya watu wote: “Basi, tunaandika tena.” Akaketi palepale na daftari, nami nikaketi kando yake, kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke.

Wakubwa walirudi baada ya muda mrefu, tena si wote walewale. Ngoie akanipigia simu. Nilifika siku moja kabla, nikaunganisha, nikajaribu, kila kitu kikatoka vizuri. Asubuhi yake, mbele ya wageni, nikachomeka waya. Hakuna ishara.

Ninaapa, Ilunga, nilisikia jasho lilelile mahali palepale mgongoni. Nikatoa mikono yangu juu ya mashine, nikaiweka nyuma. Nikageuka, nikasema kwa sauti, ili hata waliokuwa madirishani wasikie:

“Bakubwa, miye siyui iko na nini. Madame Ngoie anajua. Madame, kuya unisaidie.”

Akaja, akabonyeza vitufe viwili pamoja, na picha ikatua ukutani, na maji yakawa na rangi yake. Hakuna aliyesema tulijua mwanamke huyu atashindwa. Walikuwa wanatazama maji. Mkubwa mmoja akasimama, akasema, “Tufike pale, twende kwa miguu.” Wakaenda, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, kisima kikawaonyesha chenyewe.

Sitakudanganya kwamba haki ilishuka kama mvua. Walichimbiwa kisima kirefu upande wa pili wa mtaa, na magari ya maji yakaja kwa muda kabla ya hapo. Mashamba ya chini hayakurudi. Familia mbili zilihama. Lakini miezi ile yote ya katikati, kutoka asubuhi ya ukuta wa manjano hadi siku walipotembea kwa miguu, watu waliendelea kunywa, na miezi hiyo ni yangu. Hakuna aliyeniandikia hesabu hiyo, ninaijua mwenyewe.

Kwa hiyo picha ikikataa kule ziwani, weka mikono nyuma kwanza. Tazama kichwa cha waya kabla ya kukisukuma. Na picha ikitoka na rangi ya uongo, wamama wakaona maji machafu kama maji safi, usiendelee na somo kwa sababu ya aibu. Waambie mashine yako inadanganya, kisha chukua kikombe cha maji ya ziwa uwaonyeshe kwa mkono. Wamama wanasamehe mashine mbovu haraka sana. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Ningeweza kumalizia hapo, nikaonekana mtu aliyejifunza. Lakini utakumbuka mwenyewe kwamba miaka minne baada ya Kambove nilirudia kosa lilelile, na safari hii mashine ilikuwa wewe.

Ulikuwa unashindwa shuleni. Nikakubadilisha shule. Wakati huohuo nikakutoa kwenye mpira. Nikawafukuza rafiki zako mlangoni, nikakuhamishia kitanda katika chumba cha mbele ili nikuone unasoma. Vyote kwa mwezi mmoja, waya zote nimezichomoa. Ukazidi kushindwa, kisha ukaacha kuzungumza. Siku moja nilikuambia una kichwa cha jiwe. Uliinama ukaendelea kula. Sikukuuliza hata mara moja: papa, unaona nini?

Kisha ikaja harusi ile ya Kamalondo. Nilikuwa nikirekebisha picha ya maarusi, nawe ulikuwa umekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

“Papa, picha iko wazi?” nikakuuliza kutoka kwenye mashine.

“Hapana, Mama. Haiko wazi.”

Nikazungusha pete ya lenzi. “Na sasa?”

“Bado.”

Nikazungusha tena, na wageni wakaanza kulalamika: “Mama Ilunga, ulikuwa umefika! Unaharibisha!” Nikairudisha. Nikakuuliza tena, nawe ukasema bado. Nilidhani unanidhihaki mbele ya watu. Nikaja nyuma na hasira yangu, nikakushika mkono, nikakuambia tembea kwenda mbele, na uniambie utakapoiona vizuri. Ukatembea. Ukapita viti vya nyuma, ukapita meza ya wazee, ukapita meza ya maarusi wenyewe. Hatua tatu kutoka ukutani ukasimama.

“Hapa iko wazi,” ukasema.

Nilisimama katikati ya ukumbi na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Miaka mingapi nilikuwa nimekipitisha juu ya kile kioo, kila siku, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Na macho ya mtoto wangu mwenyewe sikuyatazama. Ubao wote wa shule, papa, miaka yote ile, ulikuwa ukungu kwako, nami nilikuwa ninakuita jiwe.

Jumamosi ya kwanza baada ya kupata miwani yako tulikuwa na kazi nyingine. Ulikaa nyuma, kama kawaida yako, nami kama kawaida yangu nikawa ninakutupia tabasamu. Katikati ya sherehe ukainuka, ukazunguka ukumbi mzima, ukaja mpaka kwenye mashine, ukainama sikioni mwangu.

“Mama, kumbe unanichekeaka?”

“Siku zote,” nikasema. “Kila mara ninakuangaliaka.”

“Miye nilikuwa nafikiri unanikasirikia. Kutoka kule, uso yako ilikuwa giza tu.”

Ukarudi mahali pako. Nami nikaendelea na kazi, kwa sababu maarusi walikuwa wanakata keki na kila mtu alitaka kuwaona ukutani. Sijawahi kukujibu vizuri neno lile, na ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Lori linaondoka kesho alfajiri. Watakupandisha juu ya mizigo, na kutakuwa na vumbi, na watu wengi wanaopiga kelele. Kabla halijaanza kutembea, vaa miwani yako, geuka, unitafute karibu na ukuta wa gereji. Nitakuwa ninalia, hilo siwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini nitazame vizuri, papa. Nitakuwa ninakuchekea.

Mama yako,
Béatrice